Unga wa Kilomita Kumi na Mbili

Siku mizani ilipoonyesha kilo arobaini na moja na nusu, Osundwa alitabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha Dinah kuliko fimbo.

Binti yao, Cindy, alikuwa amening'inia kwenye mizani iliyofungwa tawi la mparachichi nyuma ya jiko, mikono miwili juu ya ndoano, miguu ameikunja isiguse ardhi. Jasho la mbio lilikuwa bado linamtiririka mgongoni. Mizani hiyo ilitengenezwa kupimia magunia ya mahindi, lakini kila asubuhi msichana wa miaka kumi na sita alipimwa hapo mbele ya kuku na mbele ya yeyote aliyepita kwenda shambani. Watu wa hapo Musanda walikuwa wamezoea. Walisalimia, "Mulembe," wakapita zao.

"Shuka," Osundwa alisema. "Nusu kilo imetoka. Umeona, Mama Cindy? Takataka inatoka."

Neno hilo takataka alikuja nalo kutoka kazini. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa mizani ya miwa. Trela ikipanda mizanini, yeye ndiye aliyeamua kiasi gani ni muwa na kiasi gani ni majani, matope na mizizi, na akishaamua, anakata. Wakulima walimbandika jina la Kata, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kiwanda cha sukari kilipofunga lango, alirudi nyumbani na mizani ya kuning'iniza chini ya koti, pamoja na ile tabia yake ya kukata. Trela hazikuwepo tena. Akaanza na sahani ya binti yake.

Mambo ya kalori aliyasoma kwenye simu. Aliona imeandikwa kwamba mtu akikimbia, kila kilo ya mwili wake ikibebwa kilomita moja inachoma kalori moja. Hesabu nyepesi, haihitaji shule nyingi. Osundwa aliifurahia kama mtu aliyerudishiwa kazi. Akageuza pakiti ya unga, akasoma kalori zake kwa nyuma, akagawanya, akapata jibu: kikombe kimoja cha chai, kilichojaa unga na kusawazishwa juu kwa kisu. Hicho ndicho kilikuwa chakula cha Cindy cha siku nzima. Alichochoma barabarani ndicho angekula, na kilichozidi ni takataka ya kumfanya mzito. Mboga za majani alizisamehe, akisema ni maji tu. Na kama Dinah angeguna, alikuwa na Mtume Paulo mfukoni: asiyefanya kazi, na asile.

Alichukua chaki akaandika kwenye mlango wa jiko, ambao ulikuwa umejaa tarakimu kuanzia bawaba hadi kitasa. "Arobaini na moja na nusu, mara kilomita kumi na mbili. Mia nne tisini na nane. Jana ilikuwa mia tano na nne." Akainama, akachukua kikombe cha unga alichokuwa amepima Dinah, akachota kwa ncha ya kisu, akarudisha debeni.

Dinah aliishia darasa la saba, lakini mtego huo aliuona. Mtoto akikonda, hesabu inapungua. Hesabu ikipungua, kikombe kinapungua. Kikombe kikipungua, mtoto anazidi kukonda. Hesabu hiyo ilikuwa na mwisho mmoja tu, na mwisho huo huchimbwa nyuma ya nyumba.

Unga kidogo ulikuwa umedondoka mezani. Cindy aliulowesha kwa kidole akakipeleka mdomoni, haraka, bila kufikiri. Fimbo ya mpera ilishuka kwenye vifundo vya vidole vyake kabla kidole hakijafika ulimini.

"Wewe unakulanga kwa macho, kwa mkono, kwa kila kitu," Osundwa alisema bila kupandisha sauti. "Jumamosi kocha anakuja kukuangalia. Unataka akute ng'ombe?"

Cindy aliuweka mkono kwapani. Hakulia. Dinah aligeukia moto akakoroga maji matupu.

*

Jumatano, kwenye chemchemi, Cindy alijaza mtungi wa lita ishirini akashindwa kuuinua. Alikaa juu yake.

"Mama, nikuambie kitu? Usinipige."

"Sema."

"Sijaona siku zangu. Huu ni mwezi wa nne."

Dinah alimpiga. Kofi lilitoka kabla hajaliita, likampata mtoto shavuni, akaanguka kwenye matope ya chemchemi na mtungi ukamwagika juu yake. "Ni nani? Ni nani huyo? Babako atatuua sisi wote wawili leo!"

"Hakuna mtu! Mama, hakuna mtu. Mimi nitapata mtu saa ngapi? Nikitoka kukimbia napimwa, nikitoka kupimwa nateka maji, nikilala naota chakula." Sasa alikuwa analia kweli. "Shule wakati ilikuwa wazi nilikuwa nakula githeri saa saba. Nilikuwa naomba mpaka ya Tyson wa darasa letu, ile anabakisha. Sasa tumefunga, hakuna."

Dinah alimtazama pale matopeni. Mwezi mzima alikuwa akimwona amevaa nguo kubwa, sasa nguo ilikuwa imeshikana na mwili, na mbavu alizihesabu zote, upande huu na upande ule. Alisikia aibu kali ya kiganja chake mwenyewe. Alimwinua, akamfuta uso kwa leso, na wala hawakurudi nyumbani. Waliificha mitungi kwenye miwa wakaenda zahanati.

Muuguzi aliitwa Christine, mwanamke mnene mwenye maneno machache. Alipima mkojo, akapima damu, akamwinua Cindy kope kwa kidole gumba.

"Mama, huyu hana mimba. Huyu hana chakula. Anakulanga nini?"

"Kikombe ya unga."

"Asubuhi?"

"Ya siku. Ni ya kilomita kumi na mbili." Dinah alieleza yote, mlango na chaki na mparachichi, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia mambo yenyewe yalivyo ya kichaa. Nyumbani yalikuwa yameanza kufanana na mambo ya kawaida.

Christine aliweka kalamu chini. "Hiyo hesabu ya mbio yenyewe si mbaya. Hata sisi tulifunzwa karibu hivyo. Lakini huyo mzee ameanzia katikati. Moyo unapiga bure? Kupumua ni bure? Mtoto bado anakua, hiyo ni bure? Hata akilala kama gogo, asiinue kidole, huu mwili unakula kama elfu moja na mia mbili kila siku. Mbio inakuja juu ya hiyo. Halafu kuna maji, kuni, kufua. Huyo babake anamlipa ya barabara peke yake. Ya kuwa hai hajamlipa hata siku moja."

"Elfu moja na mia mbili," Dinah alirudia.

"Sasa mwili umeanza kufunga milango. Umefunga ya hedhi. Inayofuata ni mifupa. Asikimbie tena hata hatua, umenisikia?"

Njia nzima kurudi Dinah alikuwa akiirudia ile namba, elfu moja na mia mbili, kama mtoto aliyetumwa dukani akiogopa kusahau. Kwenye kibanda cha njiani alimnunulia Cindy ndizi mbili, na Cindy akala na maganda.

*

Alingoja mumewe ale kwanza. Mwanamume mwenye njaa haongei na mtu, na Dinah alitaka kuongea. Osundwa alikata ugali wake, obusuma kubwa kama kichwa cha ndama, akaimaliza. Kila asubuhi, Cindy akikimbia, yeye alikuwa juu ya baiskeli nyuma yake, fimbo mkononi. Dinah aliwahi kumuuliza yeye anachoma ngapi, akajibiwa kwamba baiskeli ni hesabu nyingine.

"Baba Cindy," alisema huku akimwagia maji ya kunawa. "Ile hesabu yako ni nzuri. Imebaki tu kitu moja juu yake."

"Kitu gani?"

"Mtu hata akilala, mwili inakula. Cindy anakula elfu moja na mia mbili bila kukimbia. Ukijumlisha na ile ya..."

"Nani amesema?"

"Daktari wa zahanati."

Kofi la kwanza alilipiga akiwa bado ameketi, mkono wenyewe ukiwa na maji. La pili alisimama nalo. Bakuli la kunawia liligonga ukuta.

"Umepeleka nyumba yangu zahanati? Umeenda kusimama mbele ya watu ukasema mimi nanyima mtoto chakula? Mimi? Nimepima miwa ya hii location yote miaka kumi na tisa, na wewe wa darasa la saba unakuja kunifunza mizani?"

Aliivuta fimbo ya mpera kutoka juu ya kabati. Alimpiga mgongoni, mabegani, kwenye mikono aliyoinua kukinga kichwa, kwa mpigo wa mtu anayefanya kazi asiyotaka kuiharibu. Mdomo ulipasuka. Cindy alipiga kelele kutoka chumbani, na Dinah akamjibu kwa sauti ambayo hakujua anayo: "Kaa huko! Usitoke!" Fimbo ikavunjika. Osundwa aliangalia kipande kilichobaki mkononi, akatoka nje kwa utulivu hadi kwenye mpera, akakata nyingine, akaipunguza majani yake moja moja kwa kisu, akarudi kumalizia.

Alipomaliza alikaa, akafuta paji la uso. "Kesho kikombe ya Cindy ni nusu. Hiyo nusu imekatwa kwa sababu ya mdomo yako."

Hapo ndipo alipompata. Dinah angevumilia fimbo nyingine, na nyingine tena, lakini sasa kila neno lake lingetoka kwenye tumbo la mtoto. Akanyamaza. Tuseme ukweli, aliogopa. Alhamisi akapima nusu kikombe kwa mkono wake mwenyewe, akakisawazisha kwa kisu, na Ijumaa vivyo hivyo. Alichoweza kuiba ni makoko ya sufuria, akampelekea Cindy chooni ndani ya jani la mgomba.

*

Jumamosi adhuhuri kocha alifika. Jina lake Jepkosgei, mwanamke mrefu wa makamo kutoka upande wa Lugari, mwenye kambi ya wasichana wakimbiaji. Yeye mwenyewe aliwahi kukimbia, na bado alitembea kama mtu ambaye ardhi haimchoshi. Osundwa alivaa shati la kanisani. Alikuwa ameamuru jogoo achinjwe, maana mgeni ni mgeni, na mgeni huyu alikuwa na ufunguo wa maisha yake yote.

Jikoni, Cindy alikuwa amesimama ameegemea ukuta, macho kwenye sufuria ya ingokho, yule jogoo wa mgeni. Hakuwa anaomba. Alikuwa anatazama tu, jinsi mgonjwa anavyotazama dirisha. Asubuhi alikuwa amekimbia zile kilomita kumi na mbili kwa nusu kikombe, na mara mbili Dinah alimwona akijipapasa muundi wa mguu wa kushoto.

"Unauma?"

"Kidogo. Kama jino."

Dinah alifunua sufuria. Alitafuta kwa mwiko, akaitoa firigisi. Sasa, kwa watu wa kwao, kuku akichinjwa firigisi, imondo kwa lugha yao, ni ya mwenye nyumba. Mwanamke anaweza kusahau chumvi akasamehewa, anaweza kuunguza hata mchuzi, lakini firigisi haipotei. Wako wanawake waliorudishwa kwao na mizigo kichwani kwa ajili ya kipande hicho kisichojaza kiganja cha mtoto. Dinah alijua hayo tangu akiwa msichana. Aliikata vipande vinne.

"Kula."

"Mama, si hiyo ni ya Baba?"

"Kula nikiona."

Cindy alikula. Alitafuna polepole, kila kipande mpaka kikaisha ladha, na machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akanywa mchuzi kikombe kizima, akajifuta mdomo, akachukua jagi na bakuli kwenda kumnawisha mgeni.

Jepkosgei alinyoosha mikono chini ya maji. Macho yake yalipanda kutoka vidole vya Cindy hadi viwiko, hadi shingoni. Akaacha kunawa.

"Uko na kilo ngapi, msichana?"

Osundwa alijibu yeye. "Arobaini na moja! Na nilimtoa arobaini na saba. Mwalimu, mimi sifanyi mambo ya kubahatisha." Akafungua mlango wa jiko ili mgeni aone. Akaeleza kilo mara kilomita, akaeleza kikombe, akaeleza takataka. Alieleza vizuri, kwa furaha, kama bwana harusi anayeonyesha nyumba. "Anachoma mia tano, anakula mia tano. Hakuna kitu inabaki."

Mgeni aliusoma ule mlango kuanzia bawaba hadi kitasa.

"Baba Cindy," alisema hatimaye, "mimi kwangu wasichana wanakula ugali mpaka sufuria inalia. Wanakula asubuhi, wanakula saa nne, wanakula mchana, wanakula jioni. Nawakimbiza, lakini kwanza nawalisha. Hii mtoto siwezi kumkimbiza leo. Hata mita mia. Mpe chakula miezi tatu, mpeleke hospitali aangaliwe mifupa, halafu mimi mwenyewe nitarudi hapa."

"Lakini mwalimu, hujamwona akikimbia."

"Nimemwona akisimama. Inatosha."

Osundwa alicheka kidogo. Cheko hilo lilikosa pa kwenda. Aliketi, akavuta bakuli la kuku, akaanza kutafuta kwa vidole, maana mtu aliyevuliwa nguo hushika chochote kilicho karibu. Aligeuza paja, akageuza shingo, akageuza ini. Akarudia tena. Mgeni alikuwa anamtazama.

"Mama Cindy. Imondo iko wapi?"

"Imeliwa."

"Na nani?"

Dinah alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mdomo wake ulikuwa bado na kidonda cha Jumatano. "Na mwenye kukimbia," alisema.

Bakuli liliruka. Mchuzi wa moto ulimwagika kwenye sketi ya kocha, naye akaruka juu akipiga yowe. Osundwa tayari alikuwa amemshika Cindy ukosi wa blauzi, anamkokota nje kupita kwenye mparachichi.

"Imondo iko na kalori! Utaitoa! Utaitoa yote barabarani! Kimbia!"

"Baba, mguu..."

"Kimbia!"

Fimbo ilimpata nyuma ya magoti, akakimbia. Miguu mitupu juu ya kokoto za murram, mbele ya baiskeli, kati ya kuta mbili za miwa, na babake nyuma akipiga kila alipofika karibu. Jepkosgei alipiga kelele za kuita watu. Dinah hakupiga kelele. Alikimbia. Hakuwa amekimbia tangu aolewe, sketi ilimzuia, akaipandisha mapajani na kukimbia hivyohivyo mbele ya ulimwengu wote.

Aliusikia mfupa kabla hajamwona mtoto akianguka. Ulilia kama muwa ukivunjwa gotini.

Cindy alilala upande, mguu wa kushoto ukiwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Osundwa aliitupa baiskeli, akasimama juu yake. "Simama! Unajifanya! Mbele ya kocha unajifanya! Simama!" Na kila simama ilikuwa na fimbo yake, begani, kiunoni, kichwani. Mtoto hakuwa na sauti tena. Alikuwa amefumba macho na kuuma mchanga.

Mwiko ulimpata Osundwa juu ya sikio. Dinah aliushika kwa mikono miwili akampiga tena, puani, na damu ikaruka kwenye shati la kanisani. Mwanamume kupigwa kwa mwiko ni aibu ambayo kwao haina dawa, na Dinah alijua, akapiga mara ya tatu kwa makusudi. Osundwa aliyumba, kisha akamrukia, akamwangusha chini, akamshika koo. Mikono iliyopima miwa miaka kumi na tisa ilijua kukaza. Dinah aliona anga likiwa jeupe, likiwa jekundu. Alijaribu kufikiria nani atampikia Cindy.

Kisha uzito ukaondoka juu yake.

Osiako, jirani, alikuwa akikata miwa upande wa pili wa barabara na wenzake wanne. Wote watano walitoka shambani na mapanga, lakini mapanga waliyatupa chini, jambo ambalo baadaye walilitaja kwa chifu kama ushahidi wa upole wao.

"Kata," Osiako alisema akihema. "Leo unapima nani?"

Walimpiga kwa ngumi na kwa gambuti na kwa miwa mibichi. Mmoja alipiga akisema hii ni ya matope, mwingine hii ni ya majani. Trela ya Osiako iliwahi kupanda mizani na tani kumi na moja ikashuka na saba, na mwaka huo nyumbani kwake walilala njaa. Hakusema hayo. Alikiinua tu kisigino cha gambuti, akakishusha kwenye kifundo cha mguu wa Osundwa mara moja, kwa uzito wote aliokuwa nao.

Dinah alikuwa amekipakata kichwa cha binti yake. Alisikia kila pigo. Neno moja lake lingewazuia, alijua hivyo, na akalikalia. Ni Cindy aliyefumbua macho.

"Mama," alisema. "Waambie waache. Wataua yeye."

Dinah alimfuta mchanga mdomoni. Ndipo akasema, "Osiako, inatosha."

*

Hospitali ilimfunga Cindy plasta kutoka pajani hadi vidoleni. Daktari alisema mfupa ulikuwa na ufa wa siku nyingi, na kwamba mtoto mwenye chakula angekuwa amevunja fimbo badala ya mguu. Osundwa alifungwa plasta chini ya goti, akashonwa kichwa, akakaa wodini juma moja. Jepkosgei alikuwa ameandikisha taarifa polisi, na chifu alikuja akasema mashtaka yatasomwa mtuhumiwa akiweza kusimama. Ndugu zake Osundwa waliulizwa nani atamchukua mgonjwa. Kila mmoja alikuwa na kazi. Kwa hiyo Jumatatu iliyofuata watu wa boda waliwaleta wote wawili, baba na binti, kwenye nyumba ileile. Cindy aliwekwa kwenye kochi la sebuleni. Osundwa aliwekwa chumbani, kwenye kitanda cha kamba, na mlango ukaachwa wazi.

Dinah alipika obusuma ya debe. Alipika mayai, maharagwe, mboga za krimu. Mvuke ulijaa nyumba nzima. Alimpakulia Cindy sahani iliyojaa, akaketi kando yake mpaka akaona mkono unaanza kwenda mdomoni.

Kisha alichukua bakuli la kunawia, akaingia chumbani. Alimnawisha mumewe kwa adabu zote, akipiga goti kidogo kama alivyofunzwa na mamake. Akaweka mbele yake sahani iliyofunikwa.

Osundwa alifunua. Sahani ilikuwa nyeupe na safi.

"Hii ni nini?"

"Chakula yako." Dinah alitoa chaki mfukoni mwa aproni. "Una kilo sabini na nane. Nimesoma kwa kadi ya hospitali. Leo umekimbia kilomita ngapi?"

Osundwa alitazama mguu wake, akatazama sahani.

"Sabini na nane mara sifuri," Dinah alisema. "Mimi ni wa darasa la saba, kama nimekosea unirekebishe."

"Mama Cindy, acha mchezo."

"Sichezi."

Aliichukua sahani, akatoka nayo. Jioni aliirudisha vilevile, imefunikwa, na maji ya kunawa. Jumanne asubuhi vilevile. Hakumtukana. Hakumgusa. Maji ya kunywa alimpa mengi, maana maji hayahesabiwi. Kila mara harufu ya chakula iliingia kabla yake, na kutoka sebuleni kijiko cha Cindy kilisikika kikigonga sahani.

Jumanne adhuhuri aliingia mara ya nne, akauliza swali lake. Midomo ya Osundwa ilikuwa imekauka.

"Siwezi kukimbia," alisema. "Si unaona siwezi?"

"Naona."

"Mtu hata kama hakimbii..." Akaacha.

"Malizia."

"Mtu hata akilala," alisema Osundwa, na sauti yake ikakatika katikati, "mwili inakula."

"Sema kwa nguvu. Aliyetakiwa kusikia yuko sebuleni."

"Mtu hata akilala mwili inakula!"

Kijiko sebuleni kilinyamaza. Dinah alimwekea chaki kiganjani, akausogeza mlango wa chumba mpaka ukafika kitandani, na Osundwa akaandika hapo mlangoni, mwenyewe, ile namba aliyopigiwa mkewe Jumatano ile. Elfu moja na mia mbili. Sifuri ya mwisho iliteremka kama inayoanguka. Alipomaliza alilia, na Dinah akaona kwamba hakujua analia nini, njaa au jambo lingine, na hakumuuliza.

Alisimama, akachukua sahani.

"Sasa nipe chakula," Osundwa alinong'ona.

Dinah alichungulia sebuleni. Cindy alikuwa ameinama juu ya sahani yake ya pili, mguu mweupe umenyooshwa mbele, anafuta mchuzi kwa tonge la mwisho. Alipomwona mamake alinyoosha sahani, kwa woga kidogo bado, kuomba nyingine.

"Ngoja," Dinah alimwambia mumewe. "Mtoto hajashiba."